Mtambo Wangu, Jina la Kombo

Kama gazeti la wiki iliyopita mlilifungia maandazi kabla hamjanisoma, nitawasaidia kwa ufupi.

Mimi ni Kibibi Mwinyimvua, fundi wa mitambo ya ubaridi. Nina cheti kimoja, mtoto mmoja na talaka moja. Hoteli ya kwanza ilinifukuza nilipopata mimba. Ya pili ilinikataa kwa kuwa sina mume, ikahofia nitavuruga waume za watu. Ya tatu ilinikataa kwa kudhani ninaye, ikahofia nitazaa.

Nikaenda kiwanda cha barafu, pale karibu na soko la samaki, hapa hapa Bagamoyo. Tulipewa mtihani watu watano, wanaume wanne na mimi. Mtambo ulikuwa unavuja gesi. Wanaume waliziba pua wakatoka nje kutafuta hewa. Mimi nilipaka bomba povu la sabuni, nikaona linapofanya mapovu, nikaziba.

Meneja, Bwana Mikdad, akanipa mkono. "Umefaulu," akasema. "Kesho saa tatu njoo na mumeo, atie saini kuwa amekuruhusu. Kama huna, usije."

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, mimi nimesimama getini, kazi ninayo, mume sina.

*

"Mume nitamtoa wapi kabla ya saa tatu kesho?" nilimwuliza mama yangu, Bi Fatu.

"Wenzio wamekaa miaka ishirini hawajampata, wewe unamtaka kabla ya saa tatu."

"Si wa kunioa, mama. Wa kutia saini tu."

"Kwani yule wa kukuoa alikuwa na kazi gani nyingine? Hata hiyo saini aliitia mara mbili tu. Siku ya ndoa na siku ya talaka."

Mume wangu wa zamani yuko Lugoba na mke mwingine, na sikuwa na nauli ya kwenda kuazima mume wa mtu.

Mama akafikiri, akatema mbegu ya ukwaju. "Mchukue Kombo."

Kombo ni mtoto wa mjomba wangu. Ni kinyozi, ana kibanda karibu na stendi. Wasomaji wa bara nawaeleza: huku kwetu binamu ni mtani wako, na mtani ana haki ambazo hata polisi hana. Kombo ameniita "mke wangu" tangu tuna meno ya utoto. Siku ya harusi yangu alijilaza mlangoni akilia kuwa mkewe anaporwa, hakuondoka mpaka alipopewa chake. Kukasirika ni mwiko. Ukikasirika, unatozwa.

Nilimkuta ana mteja kitini.

"Kombo, nataka uwe mume wangu kwa dakika kumi."

Mashine ya kunyolea ikasimama katikati ya kichwa cha mteja. "Miaka yote hii nakusubiri, mke wangu, halafu unanipa dakika kumi?"

"Kinyozi," mteja akalalamika, "malizia upande wa pili kwanza. Mtaoana nikishaondoka."

*

Kesho yake saa tatu kamili tulikuwa ofisini kwa Bwana Mikdad. Kombo alikuwa amevaa koti la harusi na kofia ya kushonwa kwa mkono, ananukia mafuta ya nywele aina tatu.

"Wewe ndiye mumewe?" Mikdad akauliza.

"Tangu utotoni," Kombo akajibu. Na kwa kweli hapo hakusema uongo.

"Umemruhusu afanye kazi katikati ya wanaume?"

"Hao wanaume ndio waombe ruhusa, bwana. Mimi namjua huyu."

Mikdad hakucheka. Akageuza karatasi. "Atazaa tena?"

Swali lile alimwuliza Kombo. Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo, kiti cha pili.

"Bwana Mikdad," nikasema, "tumbo liko huku."

"Nazungumza na mwenye nyumba, dada. Halafu kuna suala la choo. Kule kwenye mitambo kuna choo kimoja tu, cha wanaume."

"Na kwetu kipo kimoja, bwana, na wanaume wanaingia. Hatujawahi kufunga nyumba kwa sababu hiyo."

Akanitazama kidogo, akarudi kwa Kombo. Na hapo, wasomaji wangu, ndipo lilipokaa kosa langu. Najua wengine mtasema la Kombo. Mimi nasema langu.

"Hivi haya mambo ya gesi," Mikdad akauliza, "kayajulia wapi?"

"Chuoni," nikasema. "Miaka mitatu. Cheti hicho hapo mbele yako."

Kombo akajinyoosha kitini. Nilimwona mdomo unavyomcheza. "Chuo gani? Usimsikilize huyu, bwana. Mimi ndiye niliyemfundisha kila kitu. Hata kufunga kamba za viatu kajifunzia kwangu."

Sasa, utani una adabu yake. Mtani akijisifu, humkanushi. Unamwongezea, unampandisha juu, mpaka sifa zenyewe zimwelemee aanguke. Ndivyo nilivyolelewa. Ulimi wangu ukatangulia kabla akili haijavaa viatu.

"Kweli kabisa," nikasema. "Huyu ndiye mwalimu wangu. Mashine ikimsikia Kombo anakohoa, inawaka yenyewe."

Kombo akapiga paja akacheka. Nikacheka na mimi.

Bwana Mikdad alikuwa anaandika.

Ni mtu wa pwani kama sisi, utani anaujua. Lakini mtu akishaamua anachotaka kusikia, hata mbuzi akilia atasikia kaafiki. Akagonga muhuri, akasukuma barua mezani. Ikapita mbele yangu, ikasimama mbele ya Kombo.

Fundi wa mitambo, majaribio ya siku tisini. Jina lililoandikwa lilikuwa la Kombo.

"Bwana," nikasema, "umekosea jina."

"Sijakosea. Mwalimu nimempata, mwanafunzi wa nini tena?" Akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Ila usihuzunike, dada. Kuna nafasi ya usafi. Mtakuja pamoja, mtaondoka pamoja. Kiwanda hiki kinaheshimu ndoa."

*

Nje ya geti Kombo alikuwa kashika barua ile kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mwenziwe.

"Kibibi, wallahi nilikuwa natania."

"Najua."

"Nirudi nikamwambie?"

"Umwambie nini? Kwamba wewe ni kinyozi na mimi si mkeo? Tutatoka wote, na mimi sitaukaribia mtambo ule tena maishani."

"Sasa tufanyeje?"

Niliusikiliza mtambo ukiunguruma nyuma ya ukuta. Ulikuwa na kikohozi kidogo upande wa kushoto. Mtambo mzuri, unahitaji mtu wa kuusikiliza tu. Mwanangu Adila alikuwa anarudi madarasa mawili nyuma kila tunapohamahama, na hapa kulikuwa na kazi dakika kumi kutoka nyumbani.

"Ingia kazini," nikamwambia. "Jina lako, mikono yangu. Mshahara tutagawana. Mwenye kiwanda, Bwana Abizer, anakaa Dar, atakuja mwenyewe siku tisini zikiisha kutia saini mkataba wa kudumu. Kabla ya siku hiyo nitatafuta njia ya kumwonyesha nani fundi."

"Na usipoipata?"

"Basi mkataba utakuwa wako, na mimi nitafagia hapo mpaka nizeeke."

Mtauliza: mji wenyewe mdogo, Kombo kinyozi asijulikane? Anajulikana sana. Lakini mji huu mwanaume akivaa ovaroli, watu husema kumbe alikuwa na fani nyingine. Mwanamke akivaa ovaroli, watu huuliza ya nani. Na kuhusu ndoa, miaka thelathini ameniita mke wangu mbele ya mji mzima. Nani ashangae leo?

*

Siku ya kwanza Kombo aliingia chumba cha mitambo akaiamkia kompresa, ile pampu kubwa inayosukuma gesi.

"Shikamoo."

"Haiitiki," nikamwambia nikiwa na ufagio. "Shika spana."

"Ipi spana?"

Tukaanzia hapo.

Tulipanga ishara. Nikigonga sakafu kwa mpini wa ufagio mara moja, funga. Mara mbili, fungua. Mara tatu, toka haraka ujifanye unakwenda msalani, niingie mimi. Wiki ya kwanza Kombo alikwenda msalani mara kumi na nne kwa siku, hata Mikdad akamshauri aonane na daktari.

Alikuwa na vituko vyake. Aliifuta kompresa shingoni kwa ile brashi yake ya poda. Alipomaliza kufunga nati alirudi nyuma hatua mbili, akaitazama kwa jicho moja, kama anangoja ilipe na kuondoka. Lakini wapakiaji wa barafu wakamwita Injinia. Mimi wakaniita Mke wa Injinia.

"Mama, mpishe Injinia apite," Mikdad alikuwa akiniambia kila asubuhi. "Na chai yake umeshampa?"

Nilimpa. Mara moja niliweka chumvi badala ya sukari. Akainywa yote, kwa sababu kukasirika ni mwiko.

Mtu mmoja tu alikuwa akinitazama kwa jicho la pembeni, naye ni Saida, mkaanga samaki, mteja wetu wa kila siku. Barafu ya Bagamoyo, mkitaka kujua, wanunuzi wake wengi ni kina mama. Wao ndio wanaofika na ndoo na viroba alfajiri, wao ndio wanaobishania vipande.

"Kibibi," aliniambia siku moja, "mumeo ana mikono laini kwa fundi wa mitambo."

"Anaipaka mafuta."

"Na wewe mfagizi, hiyo grisi ya kwenye kucha umeipata wapi? Kwenye ufagio?"

Nikacheka. Saida hakucheka. "Haya," akasema. "Nitafute ukichoka kufagia."

Lakini niwaambie ukweli mwingine, maana sitaki kuwaficha kitu. Kombo alikuwa anajifunza. Kinyozi ana jicho la kuona unywele mmoja uliozidi, na jicho lile alilihamishia kwenye mtambo. Mwezi wa pili aliweza kupima mafuta mwenyewe. Mwezi wa tatu aliweza kuuzima na kuuwasha bila mpini wa ufagio kugonga hata mara moja. Nilifurahi kama mwalimu yeyote anavyofurahi. Sikujua nalea nini.

*

Siku ya themanini na nane, asubuhi, Kombo alinivuta nyuma ya matenki.

"Nimeitwa Kaole kunyoa mtoto wa arobaini. Nyumba ya watu wazito, babu yake alinyolewa na babu yangu. Siwezi kukataa. Kabla ya adhuhuri nimerudi."

"Na mtambo ukigoma?"

"Si upo wewe?"

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuusema ukweli ule ndani ya kiwanda kile. Akapanda bajaji na mkoba wake wa wembe.

Saa nne mtambo ukagoma.

Kilisikika kishindo kimoja, kikafuatiwa na ukimya. Ukimya wa kiwanda cha barafu ni kitu kibaya sana. Nje kulikuwa na foleni ya kina mama hamsini, maana siku hiyo samaki walikuwa wengi mpaka wanauzwa kwa huruma.

"Kibibi!" Saida akapiga kelele dirishani. "Samaki wangu wanaanza kunitazama kwa macho mekundu!"

Mikdad akaja mbio, tai begani. "Injinia yuko wapi?"

"Katoka kidogo."

"Mpigie!"

Nikapiga, nikaweka sauti ya nje. Tukasikia vigelegele, ngoma, kisha Kombo: "Kibibi, mtoto kichwa chake hakitulii, siwezi kushika simu na wembe pamoja!" Ikakatika.

Mikdad alibadilika rangi. "Mtoto gani? Wembe wa nini?"

"Ana shughuli ya kifamilia, Kaole."

"Namfuata mwenyewe." Akachukua funguo za gari. Mlangoni akageuka, akanielekezea kidole. "Na wewe usiguse kitu."

Gari lilipokata kona tu, niligusa kila kitu.

Mkanda wa kuzungusha kompresa ulikuwa umekatika. Mkanda wa akiba ulikuwepo stoo, nimeuweka mwenyewe. Tatizo ni kwamba mota lazima ivutwe nyuma kwa nguvu, mkanda ukaze, ndipo nifunge boliti. Nikawageukia wapakiaji sita wenye vifua kama milango.

"Nisaidieni kuvuta."

"Tunamsubiri Injinia," wakasema.

Basi nikaenda dirishani. "Saida! Lete watu wanne wenye mikono!"

Walikuja saba. Wakafunga khanga viunoni, wakashika mota, na Saida akatoa sauti ya kuvutia kama wanaingiza kabati la bibi harusi mlangoni. "Haya, mvuteni bwana harusi! Hataki! Mvuteni!" Wakavuta. Nikakaza boliti ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Nikaangalia mafuta. Nikafungua valvu ya gesi kidogo kidogo, nikawasha.

Mtambo ukaunguruma. Kina mama wakapiga vigelegele kama kuna aliyejifungua.

"Nani kakuruhusu kuingia humu?"

Sauti ilitoka nyuma yangu, ya mtu asiyezoea kuuliza mara mbili. Nikageuka. Mzee mfupi, miwani, kofia nyeupe yenye ukingo wa dhahabu. Picha yake niliifuta vumbi kila siku ofisini.

Bwana Abizer. Alikuwa amewahi siku mbili, na mkataba wa Kombo mkononi.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba. Nimeuliza."

"Nimejiruhusu. Mkanda ulikatika."

Akautazama mtambo. Akatazama mikono yangu. "Fundi yuko wapi?"

Siku themanini na nane nilikuwa nimeitafuta njia ya kumwambia, na njia yenyewe ilikuja ikasimama mbele yangu, imevaa miwani.

"Ndiye mimi," nikasema.

*

Kabla hajajibu, gari la Mikdad likafunga breki uani. Wakashuka wawili. Mikdad anatokwa jasho. Kombo ana taulo begani, nywele za mtoto mikononi, na bakuli la pilau lililofunikwa sahani.

"Bosi!" Mikdad akasema. "Karibu, karibu. Huyu usimjali, ni mfagizi. Mke wa Injinia."

"Ana grisi mpaka viwikoni."

"Alikuwa anafuta, bosi."

"Si kweli!" Saida akadakia. "Kafunga mkanda! Sisi tumevuta!"

"Mama, wewe ni mteja," Mikdad akamwambia. "Kanunue barafu."

Bwana Abizer akamwangalia Kombo. "Wewe ndiye Kombo? Huyu mama anasema fundi ni yeye. Unasemaje?"

Kombo akafungua mdomo. Akamwangalia Mikdad, akaniangalia mimi, akaliangalia pilau. Akairekebisha sahani juu yake.

"Sikilizeni," Bwana Abizer akasema. "Mimi sina ugomvi na mwanamke wala mwanaume. Ugomvi wangu ni barafu. Mkataba ninao mmoja. Kila mtu azime, awashe, mbele yangu, peke yake. Atakayeweza ndiye atakayeandikwa."

Nilimwonea uchungu Kombo, naapa. Nikajisemea maskini, ataaibika mbele ya watu wote hawa, bora nimsamehe mapema.

"Anza wewe, Injinia," Mikdad akasema.

Kombo akaweka pilau juu ya pipa. Akazima, akangoja, akapima mafuta. Akashika gurudumu la valvu. Nilimfundisha robo mzunguko, usubiri, robo nyingine. Lakini watu walikuwa wengi, na kinyozi akiwa na watazamaji hupenda kumaliza kwa mbwembwe. Akalizungusha lote mara moja, kwa mkono mmoja. Akabonyeza kitufe cha kijani.

Ukawaka.

"Injinia! Injinia!" Wapakiaji walipiga makofi. Mikdad alipiga kuliko wote. Saida alikunja mikono.

Kombo hakunitazama. Na mimi nilisimama pale na fahari na hasira, vyote kifuani kwa wakati mmoja, sijui kipi nikitoe kwanza. Kila alichokifanya kilikuwa changu. Hata ile namna ya kuinamisha kichwa kusikiliza, ni yangu.

Mtambo ulikwenda kama dakika tano. "Zima," Bwana Abizer akasema. Ukazimwa. "Zamu yako, mama."

Nikaenda. Nikapima mafuta. Mkono wa kulia ukaenda kwenye kitufe, wa kushoto, kwa mazoea tu, nikauweka juu ya kompresa.

Nikauondoa haraka. Ilikuwa baridi ya kuuma.

Nikainama. Bomba la kurudisha gesi lilikuwa limevaa weupe wa barafu, na weupe ule ulikuwa umepanda mpaka kichwani mwa kompresa, mahali ambapo haufai kufika kabisa. Ile valvu. Ilifunguliwa yote kwa pamoja, gesi ikarudi ikiwa bado majimaji. Kompresa imeumbwa kumeza hewa, haikuumbwa kunywa. Ikiwashwa na maji tumboni, inapasuka. Na gesi ya mtambo ule ikitoka, inachoma macho na mapafu, haichagui bosi wala mfagizi. Chumbani tulikuwa karibu watu ishirini.

"Washa, mama," Bwana Abizer akasema.

"Siwashi."

"Huwezi?"

"Naweza. Ila sasa hivi ikiwashwa inapasuka. Valvu ifungwe, ipumzike saa mbili ipate joto. Nitawasha saa saba."

Mikdad alicheka mpaka akashika ukuta. "Saa mbili! Bosi, si nilikwambia? Kazi ikifika, sababu zinaanza."

Wapakiaji wakacheka naye. Bwana Abizer akatazama saa yake, akatazama foleni dirishani. "Mwenzako kaiwasha sasa hivi tu."

"Ndiyo maana imekuwa hivi, bwana. Njoo uguse mwenyewe."

"Bosi asiguse mashine," Mikdad akasema haraka. "Ovaroli hana."

Saida akanisogelea, akaninong'oneza. "Kibibi, bonyeza tu, mwanangu. Iwake hata dakika moja. Akishatia saini, mengine baadaye."

Nikafikiri. Sitawadanganya, nilifikiri. Dakika moja inatosha kuandika jina. Inaweza isipasuke. Mitambo mingine ina huruma.

Nikakitoa kidole kwenye kitufe.

"Siwashi," nikasema tena.

Bwana Abizer akashusha pumzi, kama mtu aliyetaka kunipa kitu nikakataa kupokea. Akauweka mkataba juu ya pipa, pembeni ya pilau, akafungua kalamu. "Kombo. Njoo uwashe, tumalize. Watu wana samaki nje."

Kombo akaja. Akasimama mahali nilipokuwa nimesimama. Nikamwonyesha kwa macho ule weupe kichwani mwa kompresa, na nikajua ameuona, kwa sababu shingo yake ilikakamaa.

"Injinia," Mikdad akasema, "bonyeza, uje usaini."

"Kombo," nikasema. "Ile ni maji. Unaiona."

"Dada, nyamaza, mwache afanye kazi!"

Kidole cha Kombo kikapanda, kikatua juu ya kitufe cha kijani, kikatulia pale. Hakubonyeza. Hakukitoa.

Sikungoja aamue. Nikawageukia watu, nikapaza sauti yote niliyonayo: "Tokeni nje! Wote! Sasa hivi!"

Saida peke yake ndiye aliyebeba ndoo yake akaelekea mlangoni.

Wengine wote walimgeukia Bwana Mikdad, kuona kama ameruhusu.